Programu ya zamani imegoma kwenye Windows mpya? Ifufue hatua kwa hatua

"Fundi, kompyuta ya ofisi imekufa, tumenunua mpya, ile programu yetu ya stoo haifunguki." "Katalogi yote ya maktaba iko ndani ya WinISIS, Windows 11 inaikataa." "Nimeinstoli vizuri kabisa, lakini data haionekani." Maswali haya yamekuwa yakinijia kwa miaka, na tangu Microsoft isitishe huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 yameongezeka, kwa sababu watu wengi wamebadilisha mashine. Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja.

Nianze na habari njema: programu nyingi zinazodhaniwa zimekufa bado zina uhai. Duka la dawa, shule au maktaba haina haja ya kutupa kazi ya miaka 15 kwa sababu mashine mpya imeonyesha ujumbe wa kukataa. Lakini njia ya kuifufua inategemea jambo moja, nalo ni biti, yaani kizazi cha kompyuta na Windows ambacho programu iliandikiwa: 16, 32 au 64. Programu ya biti 32 ina tiba yake, ya biti 16 ina yake, ya DOS, ule mfumo wa skrini ya maandishi uliotangulia Windows, ina yake. Wanaohangaika wiki nzima ni wale wanaojaribu tiba zote bila kupima kwanza.

Mwongozo huu ni wa Windows 10 na Windows 11, na umeandikwa kwa mtu anayejua kunakili folda na kubofya kitufe cha kulia cha mausi. Zaidi ya hapo nitakuelekeza.

Uwe na vitu hivi kabla hujaanza

- Kompyuta ya zamani, au angalau diski yake. Usiiuze, usiifomati, usimpe mtoto achezee. Kama mashine haiwaki, diski inachomolewa na kusomwa kwa kebo ya kuiunganisha na USB. Diski za zamani sana ni za IDE na za baadaye ni SATA, kwa hiyo mwambie muuzaji ni ipi.
- Flashi mbili au diski ya nje. Moja haitoshi.
- CD au faili la kuinstoli la programu yenyewe, pamoja na namba ya leseni. Tafuta kwenye droo, kwenye mabahasha, kwenye jalada la risiti.
- Akaunti ya msimamizi kwenye mashine mpya.
- Daftari la kuandika kila unachobadilisha. Utakapokwama hatua ya sita utashukuru kujua ulifanya nini hatua ya nne.

Hatua ya 1: Nakili data kabla ya kugusa kitu kingine

Funga programu kwenye mashine ya zamani, kisha nakili folda yake nzima, si lile faili moja unalodhani ndilo lenye data. Kosa la kawaida kabisa ni mtu kubeba faili kuu na kuacha wenzake. Angalia mafaili yenye viishio hivi:

- .mdb: hifadhidata ya Access. Programu nyingi za maduka zilizoandikwa kwa Visual Basic 6 huhifadhi humu.
- .dbf: dBase, Clipper au FoxPro. Yanatembea na mafaili ya .dbt au .fpt, ambayo hubeba maelezo marefu, na ya .ntx, .ndx au .cdx, ambayo ni faharasa. Faharasa ikipotea inaweza kujengwa upya. Ukiacha .dbt au .fpt, maelezo ya wateja wako yamebaki huko.
- .mst na .xrf: WinISIS na CDS/ISIS ya DOS, programu za katalogi za maktaba. Chukua pia .fdt, .fst, .pft na .fmt zenye jina hilohilo. Mafaili ya .cnt, .n01, .n02, .l01, .l02 na .ifp ni ya utafutaji, na WinISIS inaweza kuyatengeneza tena kutokana na hayo mengine.

Kama mashine ya zamani ilikuwa na Windows Vista, 7, 8 au 10, usiondoke kabla hujaangalia mahali pengine pawili. Pa kwanza ni C:\Users, ndani ya jina la kila mtumiaji, kisha AppData\Local\VirtualStore. Folda ya AppData imefichwa, hivyo iandike kwa mkono kwenye mstari wa anwani. Pa pili ni folda ya C:\Windows yenyewe, kutafuta faili la .ini lenye jina la programu yako.

VirtualStore naisisitiza kwa sababu nimeiona ikimliza mtu. Duka moja la dawa lilikuwa na wauzaji wawili, wa asubuhi na wa jioni, kila mmoja na akaunti yake ya Windows. Kila mwisho wa mwezi stoo haikukubaliana na mauzo, na mwenye duka alikuwa ameanza kuwashuku. Hakuna aliyeiba. Programu ilikuwa imeinstoliwa ndani ya Program Files, mahali ambapo tangu Vista Windows hairuhusu programu ya mtumiaji wa kawaida kuandika. Badala ya kuikatalia wazi, Windows ilikuwa ikiyapeleka mabadiliko ya kila muuzaji kwenye VirtualStore yake mwenyewe. Kulikuwa na hifadhidata mbili, kila moja na ukweli wake, na ile ya tatu ndani ya Program Files haikuguswa tangu siku ya kwanza. Tulikaa siku mbili tukiziunganisha kwa mkono. Tungenakili folda ya Program Files peke yake, tungehama na stoo tupu.

Ukimaliza kunakili, linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wa folda pande zote mbili. Flashi ya pili iweke mbali na ya kwanza.

Hatua ya 2: Ijue mashine mpya

Fungua "Settings", kisha "System", kisha "About", usome mstari wa "System type". Windows 11 yote ni ya biti 64. Windows 10 inaweza kuwa ya 64 au ya 32. Ikiwa bahati imekuangukia ukawa na Windows 10 ya biti 32, programu za biti 16 zinaweza kukubali moja kwa moja: fungua "Turn Windows features on or off", ingia "Legacy Components", weka tiki kwenye NTVDM, sehemu ya Windows inayoendesha programu za biti 16. Wengi wenu hamtakuwa na bahati hiyo.

Soma pia mstari wa "Edition". Ukikuta maneno "S mode", na laptopu nyingi za bei nafuu huja hivyo, hakuna programu ya nje ya duka la Microsoft itakayokubali, iwe mpya au ya zamani. Kutoka S mode ni bure na hufanyika kupitia duka hilohilo la Microsoft, ila ukishatoka huwezi kurudi. Kwa kazi yetu, toka.

Na kama "System type" inataja ARM, aina ya prosesa tofauti na zile za kawaida za Intel na AMD, programu za biti 32 kwa kawaida zitafanya kazi, lakini hatua ya 7 ya mwongozo huu haitakufaa kama ilivyoandikwa.

Hatua ya 3: Pima programu ni ya biti ngapi

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Usikisie kwa mwaka wa CD wala kwa sura ya dirisha.

1. Nakili faili la .exe la programu uweke kwenye desktopu. Fanyia kazi nakala hiyo tu.
2. Fungua Notepad, kisha liburute faili hilo ndani yake. Utaona takataka za herufi, usiogope.
3. Herufi mbili za kwanza zitakuwa MZ. Ni vifupisho vya jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft wa enzi za DOS, na hadi leo kila .exe ya Windows inaanza naye.
4. Katika mistari ya mwanzo tafuta herufi kubwa PE. Zikifuatiwa karibu na L, programu ni ya biti 32. Zikifuatiwa na d ndogo, ni ya biti 64.
5. Hukuona PE ila umeona NE, mara nyingi pamoja na sentensi "This program requires Microsoft Windows"? Hiyo ni ya biti 16, ya zama za Windows 3.1.
6. Huna PE wala NE? Ni ya DOS. Faili lenye kiishio cha .com nalo ni la DOS.
7. Funga Notepad bila kuhifadhi. Ukikubali kuhifadhi umeliua faili, ndiyo maana nilisema utumie nakala.

Pima mafaili mawili: la kuinstoli, kwa kawaida setup.exe, na la programu yenyewe. Yanaweza kutofautiana. Katika miaka ya 1990 kampuni nyingi zilitengeneza programu ya biti 32 lakini zikaifunga ndani ya kiinstoli cha biti 16, na mtu akiona kiinstoli kimekataa anadhani programu nzima haifai.

Kisha chagua njia: biti 32 nenda hatua ya 4, biti 16 ya Windows hatua ya 5, DOS hatua ya 6. Hatua ya 7 ni ya walioshindikana.

Hatua ya 4: Programu ya biti 32

Hizi ndizo nyingi, na ndizo zinazofufuka kirahisi. Programu za Visual Basic 6, Delphi na Visual FoxPro zimo hapa.

*Instoli nje ya Program Files.* Tengeneza folda kama C:\Ofisi\Stoo na umwambie kiinstoli aweke humo. Umeshasikia habari ya duka la dawa. Kama kiinstoli ni cha biti 16, jaribu kwanza kukifungua, kwani Windows ya biti 64 inavitambua baadhi ya vile vya InstallShield na kuvibadilisha yenyewe. Ikigoma, nakili folda ya programu iliyokwisha kuinstoliwa kutoka mashine ya zamani, uiweke pale.

*Fungua kwanza bila kubadilisha kitu.* Wengi hukimbilia mipangilio ya utangamano, ile ya kuifanya Windows ijifanye ya zamani, kabla ya kujua kama kuna tatizo, kisha mipangilio yenyewe inaleta tatizo jipya. Programu ikifunguka na kufanya kazi, ruka aya inayofuata.

*Ikigoma, weka utangamano.* Bofya kulia kwenye .exe, chagua "Properties", kichupo cha "Compatibility", weka tiki "Run this program in compatibility mode for" na uchague Windows XP (Service Pack 3). Jaribu. Isipokubali, jaribu Windows 7. "Run this program as an administrator" iwe tiba ya mwisho kabisa: ukiitumia, kila muuzaji atahitaji nywila ya msimamizi ili kufungua programu, na ofisi itaishia kuiandika nywila hiyo kwenye karatasi ukutani.

*Tazama tarehe.* Hili halina ujumbe wa kosa, kwa hiyo ndilo linaloharibu data kimyakimya. Laptopu nyingi zinatufikia zikiwa na mpangilio wa Marekani, mwezi ukitangulia siku. Programu ya VB6 iliyozoea 05/03/2027 kama tarehe 5 Machi sasa inaisoma kama 3 Mei. Kwa duka la dawa hiyo ni tarehe ya dawa kuisha muda. Na ubaya wake ni kwamba 25/03 itaendelea kusomeka sawa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, hivyo nusu ya rekodi zinaonekana nzima. Fungua "Control Panel", "Region", na kwenye "Format" uchague English (United Kingdom) au Kiswahili cha nchi yako, kisha hakikisha "Short date" ni dd/MM/yyyy. Fanya hivi kabla ya kuingiza rekodi hata moja, na urudie kwa kila akaunti ya mtumiaji, kwa sababu mpangilio huu ni wa mtu, si wa mashine nzima.

*Vipande vinavyokosekana.* Ukiombwa .NET Framework 3.5, usiitafute mitaani. Imo kwenye "Turn Windows features on or off". Weka tiki tu, usubiri ishuke. Ukipata "Run-time error 339" ikitaja faili kama MSCOMCTL.OCX au COMDLG32.OCX, ni kipande cha VB6 kinachokosekana. Kichukue kwenye mashine ya zamani, ndani ya C:\Windows\System32 ikiwa ilikuwa Windows ya biti 32, ukiweke C:\Windows\SysWOW64 kwenye mashine mpya. Halafu fungua "Command Prompt" kama msimamizi na uandike:

C:\Windows\SysWOW64\regsvr32.exe C:\Windows\SysWOW64\MSCOMCTL.OCX

Majina ya folda hizi yanawachanganya hata mafundi. Kwenye Windows ya biti 64, System32 ndiyo yenye vitu vya biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye vya biti 32. Imekaa kinyume, lakini ndivyo ilivyo, na ukiweka OCX kwenye System32 programu yako haitaiona kamwe.

Onyo ninalolirudia kwa kila mtu: usipakue DLL wala OCX kutoka tovuti zinazotoa faili mojamoja bure. Hujui umepewa nini. Chukua kwenye mashine yako ya zamani, kwenye CD, au kwa Microsoft wenyewe.

*Maandishi madogo au yenye ukungu.* Kichupo kilekile cha "Compatibility", "Change high DPI settings", weka tiki "Override high DPI scaling behavior", chagua "System (Enhanced)". Ikizidisha ukungu, chagua "System".

Hatua ya 5: Programu ya biti 16 ya Windows

Windows ya biti 64 haina kabisa sehemu ya kuendesha biti 16. Hakuna tiki utakayoweka ikarudi. Utangamano wa hatua ya 4 hausaidii hapa, usipoteze mchana wako.

Kinachosaidia ni programu ndogo ya bure iitwayo otvdm, ambayo pia hujulikana kama winevdm, inayopatikana GitHub, tovuti ya kugawia programu. Inakaa kati ya programu ya zamani na Windows ya leo na kutafsiri maombi yake, hivyo dirisha linafunguka kwenye desktopu yako kama mengine.

Nitatumia mfano wa WinISIS. UNESCO ilitoa CDS/ISIS kwa DOS mwaka 1985 na baadaye ikatoa toleo la Windows, ndilo WinISIS, zote bila malipo. Ndiyo maana maktaba na vituo vya nyaraka vingi Afrika viliipokea, na hadi leo vipo vyenye maelfu ya rekodi humo.

1. Pakua otvdm, fungua zipu yake kwenye C:\otvdm.
2. Nakili folda yote ya WinISIS kwenda mahali palepale ilipokuwa kwenye mashine ya zamani, kwa mfano C:\WINISIS. Faili lake la mipangilio, SYSPAR.PAR, limeandikwa njia kamili za folda. Ukiiweka kwingine itabidi ulifungue kwa Notepad urekebishe njia hizo.
3. Majina ya folda yasizidi herufi nane, yasiwe na nafasi. "C:\Maktaba Yetu ya Shule" haitakubali.
4. Buruta .exe ya WinISIS uiangushe juu ya otvdmw.exe. Hiyo yenye w mwishoni haifungui lile dirisha jeusi la amri.
5. Ikikubali, tengeneza njia ya mkato yenye otvdmw.exe ikifuatiwa na anwani ya programu.
6. Fungua hifadhidata, tafuta kitabu unachokijua. Utafutaji ukirudi mtupu huku rekodi zikionekana, jenga upya faili la utafutaji kutoka kwenye menyu ya WinISIS. Data yako ni nzima.

Ikishafunguka, usikae mwezi bila kufanya hivi: toa rekodi zote kwa umbizo la ISO 2709 kupitia menyu ya kuhamisha data, na uweke faili hilo kwenye flashi zote mbili. Ni umbizo la kimataifa la kubadilishana rekodi za maktaba, na ABCD, mfumo wa mtandaoni uliorithi familia ya ISIS, unaweza kulipokea. Siku otvdm itakapokataa, katalogi yako haitakuwa imefungiwa ndani.

Hatua ya 6: Programu ya DOS

Tumia DOSBox-X, programu inayoiga kompyuta ya DOS ndani ya Windows. Wengi wanaijua DOSBox ya kawaida, na ni nzuri, lakini imetengenezwa kwa ajili ya michezo. Ofisi inahitaji kuchapisha risiti, na hapo DOSBox-X inakupa urahisi zaidi.

1. Instoli DOSBox-X. Weka programu yako C:\DOSI\STOO.
2. Fungua faili la mipangilio, dosbox-x.conf. Chini kabisa, kwenye sehemu ya [autoexec], andika:

mount c C:\DOSI
c:
cd \STOO
STOO.EXE

3. Usithubutu kuandika mount c C:\ ukaipa diski nzima. Amri moja ya kufuta ndani ya programu ya zamani itafika kwenye mafaili yako ya leo.
4. Kwa kuchapisha, kwenye sehemu ya [parallel] weka parallel1=printer, na kwenye [printer] weka printoutput=printer. Programu itadhani inaongea na printa ya Epson ya sindano kupitia LPT1, lile tundu la printa la zamani, na karatasi itatoka kwenye printa yako ya USB. Kama ukurasa hautoki hadi ufunge programu, weka timeout=2000 hapohapo chini ya [printer].
5. Ukipata "Runtime error 200", programu iliandikwa kwa Turbo Pascal, na inashindwa kwa sababu mashine ina kasi kuliko mwandishi wake alivyowahi kuota. Kwenye [cpu] weka cycles=20000, ipunguze hadi itulie.

Makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kufunga kwa kubofya X ya dirisha. Toka kwa menyu ya programu yenyewe, la sivyo .dbf inaweza kubaki nusu imeandikwa. La pili ni kufungua data ileile kutoka kompyuta mbili kwa wakati mmoja kupitia mtandao wa ofisi. Kufunga rekodi kati ya mashine mbili hakuaminiki katika mazingira haya. Kompyuta moja iingize, wengine waulize.

Hatua ya 7: Mashine pepe kwa walioshindikana

Kuna programu zitakazokataa njia zote: zenye draiva zake, zenye kufuli ya USB ya leseni, zenye kutegemea vitu vingi vya Windows XP. Hizo zijengee XP ndani ya Windows mpya kwa kutumia VirtualBox, ambayo ni bure.

1. Washa uwezo wa mashine pepe kwenye BIOS, mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Jina lake ni VT-x au SVM kutegemea prosesa.
2. Tengeneza mashine mpya ya Windows XP biti 32. Megabaiti 512 za RAM na gigabaiti 10 za diski zinatosha, hata kwenye laptopu ya gigabaiti 4 za RAM.
3. Instoli XP kwa CD na leseni yako. Ile stika iliyobandikwa ubavuni mwa kompyuta ya zamani huwa ni leseni ya mashine ile, hivyo soma masharti yake.
4. Kwenye mipangilio ya "Network" chagua "Not attached". XP haijapata marekebisho ya usalama ya kawaida tangu tarehe 8 Aprili 2014. Usiipe intaneti hata kwa dakika tano.
5. Instoli "Guest Additions" ili uweze kushirikisha folda moja kati ya mashine hizo mbili.
6. Programu ikishakaa sawa, piga "Snapshot". Ikiharibika mwezi ujao utarudi hapo kwa dakika chache.

Snapshot si nakala rudufu ya data. Ukirudi kwenye ya Januari, mauzo ya Februari yametoweka. Data endelea kuinakili nje, kwenye folda ya kushirikisha.

Kufuli ya leseni ya USB inaweza kupelekwa ndani ya mashine pepe kwa menyu ya "Devices". Ile ya zamani ya kuchomekwa LPT ni habari nyingine, na kwa hiyo nakushauri uilinde kompyuta ya zamani iendelee kuishi huku ukihamisha data.

Hatua ya 8: Ijaribu kama mtu wa kazini

Kufunguka peke yake hakutoshi. Fanya mauzo ya shilingi mia, ichapishe risiti, funga programu, zima kompyuta, washa, angalia kama mauzo yapo. Ingia kwa akaunti ya mfanyakazi wa pili, angalia kama naye anayaona. Ingiza tarehe yenye siku isiyozidi 12 na uisome tena. Linganisha jumla ya rekodi na mashine ya zamani. Mashine ya zamani iache pembeni, nzima, mpaka mwezi mmoja wa hesabu upite salama.

Ukikwama

*Programu inawaka na kupotea bila ujumbe.* Angalia kama Windows Security imeikamata: fungua "Protection history". Ukiwa na uhakika wa chanzo chake, iruhusu. Huna uhakika, ichunguze kwanza kwa antivirasi nyingine, kwa sababu flashi za ofisi hubeba virusi vya miaka mingi.

*"Database or object is read-only" au "Operation must use an updateable query".* Umenakili kutoka CD na mafaili yamekuja na alama ya kusomwa tu. Bofya kulia kwenye folda, "Properties", toa tiki ya "Read-only", ukubali na kwa mafaili ya ndani. Ikiendelea, kichupo cha "Security" kiwape watumiaji ruhusa ya "Modify" kwenye folda hiyo.

*"Run-time error 76" au "Path not found".* Programu inatafuta folda ambayo haipo, mara nyingi D:\ au diski ya mtandao ya ofisi ya zamani. Fungua faili lake la .ini kwa Notepad utaiona.

*Programu inataka MSVBVM50.DLL.* Hiyo ni ya Visual Basic 5, haiji na Windows. Ya VB6, MSVBVM60.DLL, inakuja nayo.

*Msaada wa F1 haufunguki.* Mafaili ya .hlp yaliachwa tangu Vista. Yafungue ndani ya XP ya hatua ya 7, uchapishe kurasa unazohitaji.

*Printa inatoa herufi za ajabu.* Programu ya zamani inatuma amri za Epson kwa printa isiyozijua. Kwa DOS rudi kwenye printoutput ya hatua ya 6. Kwa programu ya Windows, ingia kwenye mipangilio yake, uchague printa upya, kwani bado imeshikilia jina la ile iliyokufa.

*Data iko ya mwaka juzi.* Umebeba nakala isiyo sahihi. Rudi kwenye mashine ya zamani, tafuta .mdb au .dbf kwenye diski nzima, panga kwa tarehe ya kubadilishwa. Ile mpya kuliko zote ndiyo yenye kazi, na uwezekano mkubwa utaikuta VirtualStore.